Nionyeshe Ulichoziba

Kila mwaka ni hivihivi. Siku ya kwanza ya baridi kali ikifika, Landani nzima inakumbuka kwamba ina boila. Watu ambao hawajaigusa tangu mwezi wa nne wanabonyeza kitufe, wanasikia kimya, kisha wanakamata simu. Ninyi mnaoanza kazi hii ya mitambo ya kupasha nyumba joto mtazipokea simu hizo chai ya asubuhi ikiwa bado mdomoni, na kila anayepiga ataapa kwamba jana ilikuwa inafanya kazi vizuri. Jana hakuiwasha. Msibishane naye.

Mimi nimestaafu. Magoti yangu yalitangulia, mimi nikafuata. Nina muda sasa, na nina mambo machache ambayo hamtafundishwa kwenye kozi, kwa sababu kozi inafundisha boila, na shida yenu kubwa itakuwa watu.

Tuanze na lililo rahisi. Waambieni wateja wenu wawashe mtambo mwezi wa tisa, hata kama nje kuna jua na watu wamekaa na fulana. Wafungue rejeta zote, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayotoa joto, waache mtambo uzunguke nusu saa hivi, wazime. Pampu iliyolala kiangazi chote hugoma kuamka, na ikigoma mwezi wa tisa unaweza kumngoja fundi huku unakula aiskrimu. Ikigoma mwezi wa kumi na mbili utalala na koti. Nimeisema habari hii kwa miaka yote niliyofanya kazi, na sikumbuki mtu aliyenisikiliza isipokuwa mke wangu, naye nadhani alitaka ninyamaze.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gurdip, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu akaja huku akiwa kijana. Mimi nilikuwa msafisha ofisi tu, mtoto wa Morogoro, na siku hiyo nilikuwa kwenye ngazi nalalamika kwa simu kuhusu baridi ya jengo. Yeye alikuwa chini ya ngazi hiyohiyo akiifungua boila ya hao mabwana wenye ofisi. Akainua kichwa: "Wewe unalalamika kwa Kiswahili, mimi natengeneza kwa Kiswahili. Kuja hapa ushike tochi." Nikaenda kushika tochi, na sikurudi tena kwenye ufagio.

Tulifanya kazi pamoja hadi mgongo wake ulipokataa, na lugha yetu ya kazi ilikuwa Kiswahili hata ndani ya nyumba za Waingereza. Wenye nyumba walituangalia kwa heshima, wakidhani tunajadili hatari ya mtambo wao. Mara nyingi tulikuwa tunajadili chakula cha mchana.

Mzee Gurdip alikuwa na sheria yake. Akiingia kwa mtu hagusi spana. Anasimama katikati ya chumba, anatazama kuta, anatazama sakafu. "Sikiza," aliniambia, "boila haina akili ya kujiharibu yenyewe. Mtu amefunga kitu. Kwanza uliza yeye, amefunga nini?" Mimi nikaigeuza kwa Kiswahili changu cha Morogoro, na nikawa nawaambia wateja mlangoni, baada tu ya salamu: nionyeshe ulichoziba. Wengi wanajibu kwamba hawakuziba kitu. Wote wameziba.

Kulikuwa na saluni moja Peckham, dada mmoja Mkongo na wenzake wanasuka kutwa. Nikaambiwa boila imekufa, wateja wanaosukwa karibu na mlango wanatetemeka. Nikaikuta boila nzima kabisa. Ila themostati, kile kidude cha ukutani kinachopima joto la chumba na kuiambia boila iwake au ipumzike, wamekizungushia mashine za kukaushia nywele, zile za kuvaa kichwani kama kofia. Hapo penye kidude ni Dar es Salaam mwezi wa pili, na mlangoni ni Landani. Kidude kinaripoti kwamba joto linatosha na boila inatii. Nilihamisha mashine mbili nikaondoka, na yule dada akaniangalia kama mtu aliyetapeliwa kwa sababu sikufungua skurubu hata moja.

Mwingine alisukuma kochi likabana rejeta, akawa analipasha joto kochi. Mwingine alianika sare za shule za watoto watano juu ya rejeta zote kisha akashangaa kwa nini madirisha yanatoka machozi. Hawa si wajinga. Sisi tumetoka kwenye nyumba ambazo kazi yake ni kuingiza upepo. Tukifika huku tunaona kila penye upepo ni adui, tunatafuta kitambaa.

Rejeta zenyewe zinajieleza, mkipenda kuzisikiliza. Pitisha kiganja kuanzia juu hadi chini. Ikiwa juu baridi na chini moto, imejaa upepo. Zima mtambo kwanza, chukua kile kiufunguo kidogo, ulegeze taratibu pale pembeni juu mpaka iache kupuliza na ianze kutema maji, kisha ubane. Halafu nenda ukaangalie presha ya boila, maana ukitoa upepo presha inashuka, na mafundi wachanga husahau hapo, wanaitwa tena kesho yake. Ikiwa juu moto na chini baridi, hilo ni tope, uchafu mweusi wa chuma uliotulia chini, na kiufunguo hakitakusaidia. Ikiwa rejeta moja tu imepoa na nyingine zote zinawaka, ng'oa kile kichwa cha plastiki cha valvu, utaona kipini kimenasa. Kibonyeze kwa upole kirudi juu chenyewe. Usikivute kwa koleo. Atakayekivuta atapata muda mrefu wa kutafakari huku maji yanapiga dari.

Na msisahau kitambaa cha kukingia yale maji ya rejeta. Mimi nilikisahau mara moja, kwenye zulia rangi ya maziwa. Tope lile jeusi likaruka. Mzee Gurdip akalitazama zulia, akanitazama mimi, akamtabasamia mwenye nyumba na kuniambia kwa Kiswahili, bila kubadilisha uso: "Cheka. Cheka hivyohivyo, usiache." Kisha akageuka akamweleza yule mama ukweli wote kwa Kiingereza. Tulilisafisha zulia mpaka giza likaingia, na mimi mashavu yananiuma.

Lakini niliyekusudia kuwaeleza ni Bi Zuhura wa Woolwich.

Bi Zuhura ni Mzanzibari, mjane, anaishi peke yake katika nyumba waliyonunua yeye na marehemu mumewe aliyekuwa dereva wa basi. Wote pale walimjua. Sokoni wanamwita Mama, na muuza mihogo humchagulia yeye kwanza. Mwanawe mmoja, Salum, anaishi Leicester, mji ulio mbali na Landani, na mke na watoto, na tangu baba yake afariki amekuwa akimbembeleza mama yake ahamie kwake. Bi Zuhura alikwenda kukaa mara moja, akarudi kabla ya muda. Wajukuu, alisema, ni watoto wazuri, wanamsikia kila kitu, lakini wanamjibu kwa Kiingereza, na mchana nyumba ile haina mtu wa kumwambia hata kwamba mvua inanyesha.

Nilikuwa nimebakiza kazi chache nipumzike nilipopigiwa na yeye. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa kumi. Nikaingia, nikamwamkia, akanipokea kwa marahaba na sahani ya kashata. Nikasema yangu: "Bibi, nionyeshe ulichoziba."

"Mie sikuziba kitu," akasema. "Nataka uniangalilie tu boila kabla ya baridi. Lakini usiivunje, na usinambie habari za mpya. Ishazowea nyumba hii."

Boila yake ilikuwa ya zamani, ya kusimama sakafuni jikoni. Hizo ninyi mtazikuta mara chache, kwa hiyo nisikilizeni. Boila ya namna ile huvuta hewa ya kuchomea gesi kutoka chumbani humohumo, na moshi wake hupanda kwa bomba la chimni. Ndiyo maana ukutani huachwa tundu la hewa. Tundu hilo likizibwa, moto unakosa pumzi, gesi haiungui vizuri, inazaa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo inaua watu wakiwa usingizini, na walio macho huwapa maumivu ya kichwa wakadhani ni mafua.

Nilitazama juu ya boila. Ukuta ulikuwa na doa la masizi. Ndimi za moto ndani zilikuwa za njano, zimelegea, badala ya bluu. Nikamwuliza kama kichwa kinamsumbua.

"Cha uzee hichi," akasema. "Nkenda sokoni kinapoa, nkirudi kinaanza. Nyumba imenchoka, labda."

Nikasogeza kabati. Nyuma yake kulikuwa na tundu la hewa, na ndani ya tundu kanga, imesukumizwa kwa mpini wa ufagio hadi mwisho. Kanga kuukuu, hata jina lake limefubaa halisomeki.

"Ah, hiyo," akasema Bi Zuhura. "Hiyo si kuziba. Hiyo ni kuzuia upepo."

Nikamwuliza kiko wapi kile kidude cha ukutani kinachopiga kelele kikinusa hewa ya sumu, maana niliona msumari wake mtupu. Akatazama pembeni. Kisha akafungua kabati, akatoa kopo la biskuti kutoka chini ya mfuko wa mchele, na ndani ya kopo, kimefungwa kwa taulo, kidude.

"Kinantia aibu," akasema. "Kila Alkhamisi jioni nkifukiza udi, kinalia. Wageni wanashtuka, wasomaji wa Yasini wanashtuka. Nkaona nkilaze."

Nikamweleza kwamba kidude hakikukosea. Chetezo kina mkaa, na mkaa nao unatoa hewa ileile, kwa hiyo udi afukize mlango ukiwa wazi, au nje kabisa. Akaitikia kama anayemvumilia mtu. Kisha nikamwuliza kidude kilimlilia lini mara ya mwisho, kabla hajakilaza.

"Juzi."

"Juzi ilikuwa Jumatatu, Bibi."

"Eh, Jumatatu."

"Jumatatu ulifukiza udi?"

 Akakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, akaitazama boila.  Nilizima boila, nikafungua madirisha na mlango wa nyuma, nikamtoa uani na shali yake, na nikamtaka aende hospitali wampime damu. Alisema atakwenda tukimaliza.

Nyumba ilipopata hewa ya kutosha, nikaitoa ile kanga, nikawasha boila nikiwa nimesimama mlangoni, nikajaribu kwa kijiti cha moshi. Moshi ukiwekwa mbele ya chimni unatakiwa uvutwe ndani. Huu ulitoka ukanijia usoni. Tundu lilikuwa wazi na bado unanijia usoni, kwa hiyo chimni nayo ilikuwa imejaa masizi. Boila hiyo ilikuwa imekwisha.

Sasa hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtambo wenye hatari ya namna hiyo unatakiwa ukatwe gesi palepale na kubandikwa karatasi nyekundu. Lakini huwezi kumkatia mtu ndani ya nyumba yake bila ruhusa yake. Lazima akubali. Akikataa, unawapigia watu wa dharura wa gesi, na wao wakija hawambembelezi mtu.

Nilimweleza uani. Akanishika mkono wa shati.

"Fundi. Sema pampu."

"Bibi?"

"Mwambie Salum ni pampu imeharibika. Pampu kila mtu yamharibikia. Ukimwambia habari za sumu, atanchukua Leicester, na nkitoka humu sirudi. Namjua mwanangu. Ataiuza nyumba kwa huruma."

Nilimwambia pampu ni nzima. Akalia. Hakulia kwa sauti, alilia kwa kutazama ukuta wa nyumba yake. Mimi ni mtu mkavu, wanangu wanalijua hilo, lakini nilipomwona analia vile iliniuma, na nilitamani iwe pampu kuliko nilivyowahi kutamani kitu kwenye kazi hii. Nikamwambia, "Bi Zuhura, ukikubali nifunge, una nafasi ya kurudi. Ukikataa, watafunga wao, na Salum atasikia kutoka kwao."

Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Basi funga," akasema. "Lakini ujue umenfukuza."

Nikafunga, nikabandika ile karatasi nyekundu, nikampeleka hospitali kwa gari langu.  Daktari alikuta sumu katika damu yake, wakamweka kwenye hewa safi ya mashine, wakasema angelala wiki moja zaidi katika nyumba ile, huenda asingeamka.

Salum, aliyepigiwa simu na hospitali, alifika jioni, kijana mwenye adabu, macho mekundu kwa safari. Akanivuta kando kwenye ukumbi. "Fundi, be honest with me. Mama anaweza kuishi peke yake?"

Nilimjibu nilichokuwa nacho. "Mimi najua boila. Boila ile haiwezi kukaa na mtu. Mama yako aliruhusu ifungwe alipoelezwa, ingawa alijua itamgharimu nini. Hayo mengine mwulize mwenyewe, umwulize kwa Kiswahili."

Akasema niweke boila mpya, nyumba iwe tayari kwa lolote. Sikumwuliza lolote ni lipi. Kesho yake akamchukua mama yake Leicester, na ufunguo akaniachia mimi.

Nimefanya kazi kwenye nyumba tupu nyingi, lakini ile ilinichosha. Niliitoa boila ya zamani vipande vipande, nikaweka ya kisasa, ambayo huvuta hewa yake kutoka nje kwa bomba lake na moshi wake hutoka hukohuko, haigusi hewa ya jikoni. Nikasafisha tope kwenye rejeta zote. Kile kidude nikakitoa kwenye kopo la biskuti, nikaweka kipya kwenye msumari wake. Majirani walipita mlangoni mmoja mmoja kuuliza Mama anarudi lini, na muuza mihogo alimtuma mtu. Nikawaambia sijui, maana sikujua.

Siku niliyowasha, nilipita nyumba nzima na kiganja. Zote moto, juu na chini. Ni jambo zuri sana kuona nyumba inapata joto, na ni jambo baya ikipata joto haina mtu. Nikampigia simu Leicester. Sikuwa na uhakika atapokea.

"Bibi, nyumba yako imewaka."

 Nyuma yake nilisikia katuni za televisheni. Halafu akasema, "Hebu niekee simu kwenye rejeta ya ukumbini, nisikie."

Nikaiweka. Mabomba yakipata joto hutanuka, hugongagonga kidogo ndani ya sakafu. Nilipiga magoti pale na simu mkononi, mtu mzima, namsikilizisha bibi wa watu rejeta. Nilipoirudisha sikioni alikuwa ameshakata.

Siku ya tatu yake nilikuwa namalizia kufunika bomba moja kwa sponji, mlango ukafunguliwa. Bi Zuhura, na begi moja. Alikuja kwa basi kubwa la kutoka Leicester, kisha treni hadi Woolwich. Alimpigia Salum simu akiwa tayari yuko barabarani, na Salum, nilivyoambiwa baadaye, akamwuliza kama amevaa soksi nzito.

Hakunisalimia. Alivua kofia ya sufu, akaanza na rejeta ya ukumbini, akapitisha kiganja kutoka juu hadi chini. Akapanda ngazi, nikamsikia vyumbani juu. Akashuka, akaingia jikoni, akaikagua boila mpya bila kuigusa, akakitazama kidude msumarini. Alikuta chetezo nilichokiweka dirishani karibu na mlango wa nyuma, akakisogeza kidogo zaidi karibu na mlango.

Kisha akachungulia ukuta nyuma ya kabati. Pale palipokuwa na tundu palikuwa na plasta mpya, bado haijakauka vizuri.

"Lile tundu li wapi?"

"Nimeliziba, Bibi."

Alinigeukia polepole. Mara ya kwanza tangu siku ile ya karatasi nyekundu, niliona meno yake. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani, akachukua sauti yangu mwenyewe, ile ninayowaambia watu mlangoni.

"Haya, fundi. Nionyeshe ulichoziba."

Nikapiga magoti, nikasogeza kabati, nikamwonyesha.